Habib Swaleh wa Lamu, Mwalimu wa Mchangani

Katika kitabu cha historia tunachotumia darasani nimesoma habari za Vasco da Gama, Sayyid Said, Krapf na Lugard. Habib Swaleh sijamkuta humo. Lakini ukitoka hapa Kombani ukaingia vijiji vyetu vya Kwale katika mwezi wa Mfungo Sita, ukasikia matari yanalia usiku na watoto wanaitikia kasida, basi ujue unasikia kazi ya mtu huyo, ingawa alifariki mwaka wa 1935 na hakuwa na gazeti wala redio ya kutangaza jambo lake. Kwa hivyo mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotwambia kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu wakakimbilia Shaaban Robert na Mekatilili, mimi nikasema nitamwandika huyu. Tena nina sababu. Nimefika kwake.

Jina lake kamili ni Sayyid Swaleh bin Alawi bin Abdallah Jamalilleil. Habib si jina bali ni cheo cha heshima. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mpenzi, na watu wa Hadhramaut huwaita hivyo masharifu wao, yaani watu wa kizazi cha Mtume. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Ngazija, kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote vya Komoro. Ukoo wa Jamalilleil asili yake ni hiyo Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu. Wazee wake walihamia kwanza Pate, kisiwa jirani ya Lamu, kisha baadhi yao wakashuka mpaka Ngazija. Kwa hivyo Swaleh alipokuja Lamu akiwa kijana hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa na jamaa zake mjini, watu wenye heshima na mahali pa kumlaza.

Zamani hizo mtu hakukata tikiti, alingoja upepo. Kusi ikianza kuvuma, mwezi wa nne hivi, majahazi hupanda kaskazini. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka, hushuka. Kutoka Ngazija mpaka Lamu ni safari ya siku nyingi baharini, huna ila tende, mchele, maji ya pipa na Mungu wako. Mimi nimevuka Likoni kwa feri mara nyingi na hata hapo nikiona wimbi kubwa moyo hunienda mbio, sembuse huko.

Mji aliouingia ulikuwa na mitaa miwili mikubwa. Mkomani, upande wa kaskazini, ndiko kwenye majumba ya mawe yenye milango ya nakshi na zidaka ukutani, na huko walikaa waungwana, watu wa koo za zamani. Langoni, upande wa kusini, kulikuwa na nyumba za udongo na makuti. Huko waliishi watu wa kuja: Washihiri waliotafuta riziki, Wangazija, pamoja na watumwa na watoto wa watumwa. Utajiri wa waungwana ulitoka ng'ambo, bara, kwenye mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa hao. Mwaka wa 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, lakini soko kufungwa ni jambo moja na mtu kuwa huru ni jingine. Utumwa wenyewe uliendelea katika pwani hii yetu mpaka mwaka wa 1907 ulipoondolewa na sheria.

Na katika miaka yote hiyo mtumwa alikuwa Mwislamu kama bwana wake, ila elimu hakupewa. Alifundishwa kusali, basi. Tafsiri ya Qur'ani, sheria, nahau ya Kiarabu, hayo yalikuwa mali ya waungwana na masharifu, yakipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama nyumba na shamba. Katika miji mingi ya pwani mtumwa alikatazwa hata kuvaa viatu mbele ya mabwana. Sasa mtu asiyeruhusiwa kuvaa viatu, nani atamruhusu kushika kitabu?

Swaleh alisoma kwa wanazuoni wa Lamu. Mkubwa wao alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sayyid Mansab, mwanachuoni na mshairi aliyefariki mwaka wa 1922. Nadhani sisi wa Chama cha Kiswahili tungemwandikia makala yake peke yake mzee huyo, maana alitunga tendi kwa lugha yetu wakati ambapo wengi waliona elimu ni Kiarabu tu. Basi Swaleh akasoma, akaiva. Kwa nasaba yake na elimu yake angeweza kukaa Mkomani maisha yake yote, abusiwe mkono, aletewe sinia, akae safu ya mbele msikitini. Njia ilikuwa wazi mbele yake.

Yeye akaenda Langoni.

Hapo ndipo ninapoanza kumpenda. Alikwenda kukaa na watu wa nyumba za makuti, akawasomesha. Hakubagua. Mshihiri mwenye kubeba mizigo, mtumwa, mtoto wa mtumwa, mvuvi, wote walikaa duara moja. Na hakuwasomesha kusali tu, aliwasomesha zile elimu zenyewe ambazo mji uliona si zao. Waungwana wengi walichukia. Hebu fikiri, wewe ni tajiri wa Mkomani, kijakazi chako anarudi jioni na mwanawe anakusahihishia irabu za Kiarabu! Walimwona anaharibu mji. Wengine walisema anautweza usharifu kwa kukaa na watu duni. Lakini kumfukuza haikuwa rahisi, kwa sababu yeye mwenyewe ni sharifu, na kumvunjia heshima sharifu ni jambo zito kwa watu wa Lamu. Kile kile cheo ambacho angekitumia kujipatia raha, yeye alikitumia kama mwavuli wa kuwafunika wanafunzi wake. Hayo ni maoni yangu mimi, msomaji anaweza kuona vingine.

Sasa nieleze nilivyofika huko, maana nisingeyajua haya yote kwa kukaa Kombani.

Babu yangu huenda Lamu kwenye Maulidi kila anapopata nauli. Mwaka huo macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua, akataka mtu wa kumshika mkono, akanichagua mimi. Maulidi ya Lamu huwa wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, na kwa kuwa miezi ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, iliangukia shule zimefunguliwa. Babu akaniandikia barua kwa mwalimu mkuu ya kuomba ruhusa, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Nikapewa siku nne.

Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Ukunda, hakupenda. Yeye yuko upande wa wale wanaosema kwamba kuzuru makaburi namna ile, na kupiga matari katika kumtaja Mtume, ni mambo yaliyozuliwa. Alikuja nyumbani usiku kuamkia safari, wakajadiliana na babu barazani mpaka taa ikaisha mafuta. Hawakutukanana, la hasha, kaka anamheshimu babu. Lakini kila mmoja alitoa hoja zake, na mimi nimekaa kizingitini nimebeba mkoba, sijui kama kesho naondoka ama naenda shule. Babu alimaliza kwa kumwambia kwamba yeye haendi kuliabudu kaburi, anakwenda kulipa deni. Deni gani, hakusema.

Tuliondoka alfajiri. Matatu mpaka Likoni, feri, kisha basi la Lamu kutoka Mombasa. Malindi ikapita, Garsen ikapita, nchi ikawa tambarare na joto likazidi. Huko mbele mabasi hupata polisi wa kusindikiza, babu akasinzia mimi nikihesabu nyati, nikapata watano. Jioni tukafika Mokowe, ambako barabara inakwisha. Hapo hakuna jingine, ni boti. Tukashuka na mizigo gatini pamoja na watu wa Tanga, Wabajuni, kina mama wa Malindi na mabuibui yao, na wazee wawili waliosema Kingazija. Boti ikakata maji katikati ya mikoko, na punde mji ukajitokeza, mweupe, umeinama karibu na bahari kama mtu anayechota maji. Babu alivua miwani akaipangusa. Sikujua kama ni chumvi ya bahari au ni machozi.

Lamu nimeiona kwa macho yangu na sitamaliza kuisimulia hapa. Vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Mwaka wa 2001 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini sisi hatukukaa huko kwenye majumba makubwa. Tulikwenda moja kwa moja Langoni, mpaka pembeni ya mji ambako mawe yanaacha na mchanga unaanza. Huko ndiko uliko Msikiti wa Riyadha.

Riyadha maana yake ni bustani. Jina hilo Habib Swaleh alilitwaa kwa msikiti wa Riyadh wa Seiwun, Hadhramaut, wa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka wa 1915. Habib Swaleh aliufuata mwenendo wake akiwa mbali. Msikiti wa Lamu na chuo chake vilisimama mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ule ule Wajerumani na Waingereza wanagombania pwani hii. Wajerumani walikuwa Witu, bara tu hapo, kuanzia mwaka wa 1885 mpaka 1890. Mwaka wa 1895 Waingereza wakatangaza himaya yao. Mabwana wa Lamu walikuwa wanapoteza mashamba na watumwa, hawajui kesho itakuwaje. Na huku nyuma ya mji, mchangani, mtu mmoja alikuwa anafundisha wale wale waliokuwa wanaachiliwa.

Habib Ali al-Habshi alikuwa ametunga kitabu cha maulidi, kiitwacho Simtud-Durar. Kabla yake watu wa pwani walisoma zaidi maulidi ya Barzanji, tena kwa utulivu, mmoja anasoma wengine wanasikiliza. Habib Swaleh akaleta hii ya Habshi, na pamoja nayo matari. Tari ni ngoma ndogo ya duara yenye ngozi upande mmoja, kwa wasiojua. Watu wanapanga safu mbili, wanaelekeana, wanainama na kuinuka pamoja huku wanaitikia. Ikifika pale panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume, wote husimama.

Basi hapo vita vikaanza upya. Wanazuoni wengine walisema matari msikitini ni upuuzi, tena ni kuiga ngoma za watumwa. Yeye hakutishika. Kwa jinsi nilivyoelewa mimi, alijua vizuri sana kwamba watu wa Langoni walikuwa na ngoma zao, na kwamba mtu aliyechoka kutwa kwa kazi ngumu hukimbilia ngoma usiku kabla hajakimbilia kitabu. Hakuwaambia waache furaha yao mlangoni. Aliifungulia mlango, ikaingia nao. Mpaka leo wakati wa Maulidi, uwanja ulio mbele ya Riyadha huchezwa goma na kirumbizi, wazee wenye kanzu wameshika bakora wakiyumba polepole kama minazi. Nilitazama goma saa mbili nzima bila kuchoka. Mzee mmoja aliyecheza nadhani alikuwa na umri kuliko babu, na alipotoka kwenye safu vijana walimpisha kama waziri.

Mchana kulikuwa na mashindano. Punda hukimbizwa ukingoni mwa bahari, na huo si mchezo wa kitoto, waendeshaji wanapanda bila tandiko na wengine huanguka watu wakacheka mpaka machozi. Majahazi pia hushindana. Wapo wanaosema mambo haya hayahusiani na dini, lakini mji mzima hutoka, hata wale wasioingia Riyadha. Chakula hakikatwi. Masufuria ya pilau yalikuwa makubwa kiasi kwamba mpishi alisimama juu ya kigoda kukoroga. Wageni hula, hulala kwenye mikeka, asubuhi huamshwa kwa adhana, na hakuna anayekuuliza kabila lako.

Siku ya mwisho ilikuwa ziara yenyewe. Ndiyo siku niliyoingoja kwa hofu kidogo, kwa maneno ya kaka. Watu walikusanyika makaburini, penye kaburi la Habib Swaleh, kanzu nyeupe tupu, huwezi kuhesabu. Ikasomwa Qur'ani, ikaombwa dua. Mimi nilikuwa nimemshika babu mkono. Sikuona mtu akilisujudia kaburi. Niliona watu wamenyamaza. Mvulana wa umri wangu kando yangu alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inakwenda.

Baada ya dua babu aliketi chini mchangani, pembeni, akaniambia niketi. Hapo ndipo aliponiambia deni lake. Baba wa baba yake, yaani babu yake yeye, hakuzaliwa Kwale. Aliletwa akiwa mtoto kutoka pande za Nyasa, kwa miguu kisha kwa jahazi, akauzwa, akalimishwa kwenye shamba la minazi huku kwetu kusini. Alipoachiliwa mwaka wa 1907 alikuwa mtu mzima, hana ukoo, hana kaya, hana shamba. Akaoa, akazaa. Mwanawe, ambaye ndiye baba yake babu, alipopelekwa chuoni alifundishwa juzuu chache tu, kisha mwalimu akamwambia zinamtosha mtu kama yeye. Miaka ikapita. Akaja kijijini mwalimu mwingine, kijana, aliyesoma Riyadha kwa Habib Swaleh mwenyewe. Huyo hakuuliza mtoto ni wa nani. Alimchukua akamsomesha Qur'ani yote, akamsomesha na kuandika, akamwachia tari na kitabu cha maulidi. Huyo mtoto akaja kuwa msomaji wa maulidi wa vijiji vitatu, na watu waliokuwa wakimnong'ona walimwita nyumbani kwao awasomee.

Mimi sikuwa nikijua. Kwetu jambo hili halitajwi. Nyumbani tunajiita Wadigo kama wengine, na ni kweli ni Wadigo, mama zetu na bibi zetu wote ni Wadigo. Nilimuuliza babu mbona alilificha. Akajibu kwamba hakulificha, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimemuomba ruhusa ya kuandika haya katika gazeti letu, akasema niandike, aibu ni ya aliyenunua, si ya aliyenunuliwa. Jina la ukoo sitalitaja, kwa sababu si langu peke yangu.

Kutoka makaburini maandamano yakaingia mjini. Matari mbele, bendera, vijana safu kwa safu wameshikana mabega, kasida zinapaa mpaka kwenye madirisha ya juu ambako kina mama walikuwa wanachungulia na kunyunyiza marashi. Tulipita ukingoni mwa bahari, maji yamejaa, majahazi yamefungwa na watu wamepanda juu ya milingoti kutazama. Nikafikiri, njia hii hii ndiyo waliyoteremshiwa watumwa. Babu alikuwa anaitikia kasida kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiitoa nyumbani.

Turudi kwa Habib Swaleh. Katika uzee wake wale waliompinga walikuwa wengi wao wamekufa au wamelainika, na watoto wa baadhi yao walikuwa wanafunzi wake. Wanafunzi walimjia kutoka pwani yote, na baadaye chuo kikapokea vijana kutoka Tanganyika, Uganda, Kongo na Komoro. Walipomaliza hawakubaki Lamu. Walirudi makwao au walitumwa kwingine, mahali ambapo hapana msikiti wala mwalimu, wakaanza na kibanda cha makuti kama alivyoanza yeye. Ndivyo Riyadha ilivyofika Kwale. Haikuletwa na serikali wala na tajiri, ililetwa na vijana waliobeba tari kwa mkono mmoja na msahafu kwa mwingine.

Alifariki mwaka wa 1935, akazikwa Lamu. Kazi ikashikwa na wanawe, akiwemo Sayyid Ahmad aliyejulikana kama Ahmad Badawi, kisha wajukuu. Maulidi hayakukatika. Nilipokuwa huko niliona vijana wa chuo wamekaa ukumbini asubuhi mapema, kabla ya wageni kuamka, kila mmoja na kitabu chake, mmoja Mpokomo, mwingine ametoka Tanga, mwingine Mdigo wa Msambweni ambaye alifurahi sana kusikia namsalimu kwa lugha ya kwetu. Nilimuuliza kama anatamani nyumbani. Alitamani muhogo tu, akasema.

Tuliporudi kaka alikuja kumwamkia babu. Babu akamweleza yale aliyonieleza mimi. Kaka alinyamaza muda mrefu. Kuhusu makaburi na matari hajabadili maoni yake, na babu hajamtaka abadili. Lakini aliuliza habari za yule mtoto wa Nyasa: jina lake la kwanza lilikuwa nani, la huko alikozaliwa. Babu hajui. Hakuna anayelijua.

Mwanachama yeyote wa Chama cha Kiswahili anayetaka kwenda Maulidi ya mwaka ujao aanze kuweka nauli sasa hivi, maana wiki ile mabasi hujaa na wengine husimama kutoka Mombasa mpaka Malindi. Chukueni kofia kwa ajili ya jua, mkeka wa kulalia, na barua ya kuombea ruhusa iandikwe mapema. Wasichana pia wanakwenda, wana mahali pao na wenyeji wao, na bibi zetu wa Kombani wanaijua njia. Babu amesema akijaliwa uzima atakwenda tena, na mtu wa kumshika mkono bado hajamtaja.